Namba ya T ng'ambo ya Manyovu: maswali ya wenye magari wanaoishi nje

Barua za safari hii zimetoka kwa wasomaji wa Kigoma na Tabora, pamoja na wenyeji wa huko waliohamia nje. Tumezifupisha na kuondoa majina. Nyingi zina tatizo moja: gari linavuka mpaka au linabaki nyumbani, lakini jina lililo kwenye karatasi si la mtu aliyeshika usukani.

Wahariri, poleni na kazi. Naishi Mwanga, Kigoma. Nimepata mkataba wa mwaka mmoja Bujumbura na nataka kwenda na Rav4 yetu kupitia Manyovu. Kadi ya gari ina jina la mume wangu. Niandae nini? Na kuendesha upande wa kulia kuna ugumu gani? — Mama Wawili, Mwanga

Dada, anza na hilo la kadi. Cheti cha ndoa hakitoshi mpakani. Mume wako aandike barua ya idhini mbele ya wakili, yenye majina yako kama yalivyo kwenye pasipoti, namba ya gari, namba ya chasisi na ya injini, nchi unazoruhusiwa kuingia, na tarehe ya kuanza na ya kuisha. Barua iwe na mhuri wa wakili, na iambatane na nakala ya kitambulisho cha mume wako. Kama gari lina mkopo na kadi iko benki, benki nayo itoe barua. Tafsiri ya Kifaransa ya ukurasa mmoja itakuokolea muda mrefu upande wa Mugina, kituo cha mpaka cha Burundi. Kabla hujaondoka, fungua boneti usome namba ya chasisi kwa macho yako na uilinganishe na kadi. Herufi moja ikikosewa kwenye kadi, hapa nyumbani unaweza kupita nayo miaka na miaka, ila mpakani siku yako nzima itaishia hapo.

Tukija kwenye bima, stika ya Tanzania inaishia Manyovu. Ng'ambo unahitaji Kadi ya Njano ya COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini imebaki kwenye mpango wa kadi hiyo, kwa hiyo kampuni yako ya bima inaweza kukupa juu ya bima uliyonayo. Ukiipokea kagua mambo mawili. La kwanza, Burundi isiwe imefutwa kwenye orodha ya nchi. La pili, tarehe ya mwisho ya kadi isizidi ile ya bima ya nyumbani, kwa sababu bima mama ikifa na kadi imekufa. Elewa pia mipaka yake: inamlipa mtu uliyemgonga na mali yake, na matibabu ya dharura ya waliomo garini. Haitengenezi gari lako wala haikulipi likiibwa. Kama una bima kubwa, omba kampuni ikuandikie nyongeza ya eneo inayotaja Burundi. Ukiambiwa kwa mdomo kwamba "iko sawa", usiridhike hadi uione kwa maandishi.

Upande wa forodha, gari linaingia Burundi kwa kibali cha muda. Chini ya Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, uingizaji wa muda hauvuki miezi 12, na kibali cha kwanza kinaweza kuwa kifupi kuliko hapo. Muda hauongezeki wenyewe. Omba nyongeza kabla haujaisha. Mkataba wako wa mwaka mmoja unagusa ukingo wa kikomo hicho, kwa hiyo mkataba ukirefushwa, gari lirudi nyumbani au lilipiwe ushuru kule. Kosa tunaloliona mara nyingi ni la wanaorudi Kigoma mwishoni mwa wiki bila kufunga kibali. Kila utokapo, hakikisha afisa wa forodha amegonga mhuri wa kutoka na kibali kimefungwa. Usipofanya hivyo, kumbukumbu zinaonyesha gari liko Burundi hadi leo, na utakapoingia tena utahesabiwa umepitiliza.

Garini weka pembetatu mbili za kuakisi mwanga, mtungi wa kuzimia moto ambao haujaisha muda, na kisanduku cha huduma ya kwanza. Wewe mwenyewe beba pasipoti, leseni na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Mafuta yamekuwa adimu Burundi miaka hii ya karibuni, kwa hiyo jaza tangi upande wa Tanzania. Ila usipakie madumu ya petroli kwenye buti: ni hatari, na forodha wataona unafanya biashara.

Sasa barabara. Kwenye lami iliyonyooka na yenye magari mengi hutapata shida, maana utafuata wenzako. Hatari ni dakika ya kwanza baada ya kusimama: unatoka kituo cha mafuta alfajiri, barabara tupu, mkono unakupeleka kushoto kwa mazoea. Bandika karatasi kwenye dashibodi, mbele ya macho, yenye neno moja: KULIA. Kwenye kipilefti unazunguka kinyume cha mishale ya saa. Kwenye makutano ya mitaani yasiyo na alama yoyote, anayetoka kulia kwako ndiye anayepita kwanza, ni utaratibu uliorithiwa kwa Wabelgiji. Wengi wetu tunadhani aliye kwenye barabara pana ndiye mwenye haki. Kwa Bujumbura, dhana hiyo inagonganisha watu.

Kuovateki ndiko kugumu zaidi, kwa kuwa usukani wako uko kulia na wewe umekaa upande wa ukingo wa barabara. Ukimkaribia dereva wa lori huoni kinachokuja. Kaa nyuma mbali, mara mbili ya umbali uliouzoea, hadi uone pembeni ya lori bila kutoa pua ya gari. Barabara inapokata kona kulia unaweza kuchungulia kwa ndani, upande wako. Inapokata kushoto huna macho kabisa, subiri. Aliyekaa kushoto anaweza kukusaidia kutazama, lakini uamuzi usimwachie yeye. Na milimani angalia waendesha baiskeli waliojishikiza nyuma ya malori yanayopanda. Huwaoni mpaka umeshafika.

Jambo moja husahaulika: taa. Taa za gari la Tanzania zikiwa chini huinua mwanga upande wa kushoto, ili zimulike ukingo. Burundi upande huo ndiko wanakotoka wenzako, nawe utawapofusha. Usiku simamisha gari mita tano mbele ya ukuta, washa taa zikiwa chini, utaona mstari wa mwanga unapanda kushoto. Bandika utepe maalumu wa taa, usiopitisha mwanga, juu ya kioo cha taa mpaka ile pembe inayopanda ipotee na mstari ulale sawa. Utepe wa kawaida wa umeme huyeyuka kwa joto na kuacha gundi. Ukirudi Manyovu, ubandue.

Kaka yangu anafanya kazi Gitega. Alikuja Kasulu na gari lenye namba za Burundi, akarudi kwa basi, akaniachia gari niwe nalitumia. Kibali kina wiki tatu zimebaki. Rafiki zangu wanasema Burundi ni Afrika Mashariki, hakuna shida. Ni kweli? — Msomaji wa Kasulu

Si kweli, na liegeshe leo. Kibali cha forodha kinapewa mtu aliyeingiza gari, kwa matumizi yake akiwa mgeni. Hakihami kwa ndugu anayeishi hapa. Gari la kibali haliuzwi, halikodishwi wala haliazimwi mwenyeji bila ruhusa ya forodha, na likikamatwa linaweza kushikiliwa hata kutaifishwa, huku wiki zako tatu zikiwa bado hazijaisha.

Njia ni mbili. Kaka arudi mwenyewe alitoe gari ndani ya muda, au aende ofisi ya TRA kabla muda haujaisha aombe lilipiwe kodi na kusajiliwa hapa. Hii ya pili ina gharama. Uanachama wa Burundi kwenye Jumuiya haufuti ushuru, kwa sababu gari lililoundwa Japan halipati asili ya Afrika Mashariki kwa kusajiliwa Gitega. Mtapigiwa hesabu kama gari lililotumika: ushuru wa forodha 25%, ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini na umri wa gari, kisha VAT. Kwa gari lenye zaidi ya miaka minane umri peke yake unapandisha bili. Fanyeni hesabu kwanza kwenye kikokotoo cha magari kilichoko kwenye tovuti ya TRA. Kinauliza aina, modeli, mwaka, injini na nchi linakotoka. Mara nyingi jibu lake linamkumbusha kaka mtu njia ya kurudi Gitega.

Nataka kuvusha pikapu yangu kwa meli kutoka Kigoma hadi Kalemie, nifanye kazi huko miezi minne. Kadi ya Njano inatosha? — Msomaji wa Kibirizi

Barabarani inatosha, maana Kongo imo kwenye mpango huo, ila hakikisha nchi hiyo haijafutwa kwenye kadi yako. Ziwani haitoshi. Gari likiwa juu ya meli ni mzigo, na likitumbukia Tanganyika Kadi ya Njano haihusiki hata kidogo. Chukua bima ya mzigo wa majini kwa safari zote mbili. Ondoa vitu vyote vya thamani ndani, piga picha pande zote nne na kilomita kwenye dashibodi mbele ya mpokea mizigo, na usiache tangi limejaa. Kongo nako wanaendesha kulia, kwa hiyo yale tuliyomjibu Mama Wawili kuhusu taa na kuovateki yanakuhusu.

Naweza kupita Bujumbura nikaendelea hadi Kigali kwa gari? — Msomaji wa Ujiji

Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda Januari 2024. Usipange safari kwa njia hiyo bila kuthibitisha wiki ile ile unayosafiri. Njia ya uhakika ni kupanda hadi Ngara na kuvukia Rusumo. Ukiingia Rwanda unaendesha kulia, na kamera za mwendo, ambazo wenyeji wanaziita Sofia, ziko nyingi. Fuata kibao cha mwendo kilicho mbele yako hata kama barabara inakushawishi vingine.

Shikamooni. Mimi ni kijana wa Isevya, Tabora, niko Birmingham tangu miezi tisa iliyopita. Ninaendesha kwa leseni ya Tanzania. Mwenzangu anasema baada ya mwaka naibadilisha tu, mwingine anasema nitakamatwa. Nani mkweli? — Mnyamwezi wa Ughaibuni

Marahaba. Mwenzako wa kwanza kakosea. Uingereza ina orodha ya nchi ambazo leseni zake hubadilishwa bila mtihani. Afrika Kusini na Zimbabwe zimo, Tanzania haimo. Unaruhusiwa kuendesha gari dogo kwa leseni yako miezi 12 tangu siku ulipokuwa mkazi. Baada ya hapo leseni ya Tanzania haina nguvu kule, hata kama imebakiza miaka mitatu.

Una miezi mitatu na haitoshi ukichelewa, kwa sababu foleni ya mtihani wa barabarani huenda miezi. Wiki hii omba leseni ya mwanafunzi kwa DVLA, wakala wa leseni na magari wa huko, mtandaoni ni pauni 34. Kisha fanya mtihani wa nadharia, pauni 23: maswali 50, upate 43, na sehemu ya video za kutambua hatari upate 44 kati ya 75. Sehemu hiyo ya video ndiyo huwaangusha madereva wazoefu. Wanabonyeza mapema mno au wanabonyeza mfululizo, na mfumo unawafutia alama. Cheti cha nadharia kinadumu miaka miwili. Mtihani wa barabarani ni pauni 62 siku za kazi, kama dakika 40, na unaruhusiwa makosa madogo yasiyozidi 15 lakini kubwa hata moja hapana. Ukiufanya kwa gari la otomatiki utapewa leseni ya otomatiki tu.

Dereva wa Tanzania huanguka kwa mambo yale yale: kutotazama kioo kabla ya kuwasha indiketa, kushika usukani mkono mmoja, kusita kwenye kipilefti, na kusoma mwendo vibaya. Vibao vyao ni vya maili. Kibao cha 30 ni kama kilomita 48 kwa saa. Na ukienda Wales, mitaa mingi ni 20 tangu Septemba 2023.

Miezi 12 ikipita kabla hujafaulu, unaendesha kama mwanafunzi: alama za L mbele na nyuma, na pembeni yako mtu wa miaka 21 au zaidi aliyekuwa na leseni kamili kwa miaka mitatu. Ukiendesha peke yako leseni haipo, na bima nayo itakukana. Adhabu ya papo hapo ya kukosa bima ni pauni 300 na alama sita.

Kama gari ni lako, yapo matatu mengine ya haraka. Kodi ya gari lazima iombwe hata ikiwa sifuri. Ukaguzi wa MOT ni kila mwaka gari likifikisha miaka mitatu. Na ukihama nyumba, badilisha anwani kwenye kitabu cha gari cha V5C, kwani barua za faini huenda kwenye anwani ya zamani na kimya chako huhesabiwa kuwa ukaidi.

Nimeishi Uingereza miaka sita, narudi Tabora kabisa mwakani. Je, gari langu ninalolitumia naweza kuja nalo bila ushuru? — Mzee wa Cheyo

Mzee wetu, msamaha upo, kwa gari moja. Masharti yako kwenye Jedwali la Tano la sheria ile ile ya forodha ya 2004: uwe umeishi nje si chini ya miaka miwili, gari liwe lako binafsi na umelitumia huko angalau miezi 12 bila kuhesabu muda wa melini, na wewe uwe na miaka 18 au zaidi. Basi la abiria zaidi ya 13 na gari la mizigo zaidi ya tani mbili havimo. Gari lifike ndani ya siku 90 tangu uingie nchini. Kamishna anaweza kuongeza muda, mwisho siku 360.

Watu hukwama kwenye miezi 12. Wananunua gari zuri zaidi miezi minne kabla ya kurudi, kisha wanashangaa kukataliwa. Kama unataka kubadilisha, badilisha sasa. Ushahidi unaotakiwa ni V5C yenye tarehe ya kumiliki, vyeti vya bima vya mwaka mzima kwa jina lako, cheti cha MOT, pasipoti zote ulizotumia (na zile za zamani), na kitu kinachoonyesha makazi, kama mkataba wa kazi au bili. Likizo ndefu za nyumbani nazo zinahesabiwa: zikizidi jumla ya siku 90 ndani ya ile miaka miwili, utaulizwa.

Msamaha tunaouzungumzia ni wa ushuru wa forodha. Usichukulie kwamba kila kodi imefutika. Mtake wakala wa forodha akuandikie mstari kwa mstari: ushuru, ushuru wa bidhaa, VAT, tozo za bandari, usajili, na ukaguzi wa TBS (Shirika la Viwango) pamoja na mahali utakapofanyika. Wakala anayekupa jumla moja ya mviringo, tafuta mwingine. Na kumbuka, gari la msamaha ukiliuza baadaye, mnunuzi asiye na msamaha huo anafanya ushuru udaiwe.

Niliondoka Tabora 2022 nikamwachia binamu Noah yangu, niko Ujerumani. Nimeambiwa kuna faini nyingi na huenda analibebea abiria. Nataka kuliuza nikiwa huku. — Msomaji wa Ipuli

Angalia deni kwanza. Mfumo wa faini wa Polisi unasoma namba ya gari, na unaweza kuuangalia ukiwa popote. Kosa la gari ni shilingi 30,000, na lisipolipwa kwa wakati linaongezeka. Barabara ya Nzega ina vijiji vyenye kibao cha 50 kimoja baada ya kingine, na dereva aliyepigwa tochi mara nne kwa safari moja si hadithi ngeni. Anayedaiwa ni wewe uliye kwenye kadi. Bima angalia kwa namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima. Bima ndogo ya gari binafsi kwa kawaida ni 118,000 pamoja na VAT, na kama binamu kweli anabeba abiria kwa namba za njano, bima hiyo ya matumizi binafsi itakataa kulipa ajali ikitokea. LATRA, wasimamizi wa usafiri wa ardhini, nao watakuwa na lao. Ada ya mwaka ya leseni ya barabara usiulize, ilifutwa 2017.

Kuuza ukiwa mbali kunawezekana kwa hati ya uwakilishi. Isainiwe mbele ya mthibitishaji au ubalozini Berlin, na itaje kazi moja moja: kuuza gari namba fulani, chasisi fulani, kwa bei isiyopungua kiasi fulani, kusaini mkataba, kuwasilisha maombi TRA, na fedha ziingie akaunti ipi. Hati ya "kushughulikia mambo yangu yote" ni zawadi usiyoikusudia. Mpe mtu asiye binamu yule.

Mnunuzi na wewe mtahitaji TIN, mkataba wenye mhuri wa wakili, na kadi halisi. Uhamisho wa umiliki ni 50,000, kadi mpya 10,000, na ushuru wa stempu 1% ya bei. Faini zilipwe kabla, la sivyo uhamisho unakwama. Kisha usikubali ule mtindo wa kumpa mnunuzi kadi yenye jina lako "atabadilisha baadaye". Baadaye hiyo huja pale gari limegonga mtu Urambo na polisi wanatafuta jina lililoandikwa. Weka kwenye mkataba kwamba sehemu ya mwisho ya malipo na ufunguo wa pili vinabadilishana siku kadi mpya inapotoka, na mwakilishi wako akutumie picha yake siku hiyo hiyo.